Karakana na Madhabahu

Kiwanda, katika Kiswahili cha zamani, hakikuwa jengo. Kilikuwa uwanja: mahali palipofyekwa na kusawazishwa ili mtu apate nafasi ya kusukia mkeka, kuchongea mtumbwi au kufulia chuma, na neno lenyewe ni ndugu wa kiwanja na uwanda. Kuta na paa la bati vilikuja baadaye. Karakana nayo ilisafiri kutoka Uajemi, ambako *kar* ni kazi na *khana* ni nyumba. Maneno yote mawili yanaitaja shughuli, na hapo ndipo swali linapoanzia. Shughuli ikikoma, mashine zikang'olewa na mafundi wakaenda zao, kilichobaki kimesimama pale ni nini? Na kikigeuzwa matumizi, hasa kikifanywa mahali pa sala, je, kimepandishwa cheo, kimeshushwa, au hakijaguswa?

Hanga, mkoani Ruvuma, ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Abasia ya Hanga ni ya Wabenediktini wa Shirika la Mtakatifu Otilia, lililoanzishwa Bavaria mwaka 1884 na Andreas Amrhein, likafika Pugu mwaka 1888 na Peramiho mwaka 1898. Kutoka Peramiho ndiko Hanga ilikozaliwa mwaka 1957, kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliotaka kuwa wamonaki. Ikawa abasia mwaka 1994. Katika nyumba za namna hii kengele moja huwaita watu kutoka kwenye shamba na karakana hadi kanisani, na kengele hiyohiyo huwarudisha. Mmonaki seremala huvua aproni yenye vumbi la mninga, hunawa mikono ambayo hata hivyo itabaki ikinukia gundi, huingia kwenye kiti chake cha kwaya na kuimba zaburi. Zikiisha, huirudia randa pale alipoilaza ubavu juu ya benchi. Mtu anayeishi hivyo hawezi kusema kirahisi kwamba upande mmoja wa ua ni wa Mungu na upande wa pili ni wa dunia.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 na inayofuatwa Hanga hadi leo, inalikaribia jambo hili kutoka pande mbili zinazovutana. Sura ya 66 inataka maji, kinu, bustani na ufundi wa kila namna viwe ndani ya monasteri, ili watawa wasiwe na sababu ya kuzurura nje. Kinu, basi, ni sehemu ya nyumba ya watawa sawasawa na bweni. Sura ya 31, inayohusu msimamizi wa mali, inakwenda mbali zaidi: vyombo vyote vya monasteri, jembe kwa sufuria, avitazame kama anavyovitazama vyombo vitakatifu vya altare. Hilo ni dai zito kuliko linavyoonekana kwa kusomwa haraka. Halisemi kwamba jembe ni chombo cha hadhi ya chini kinachostahili heshima kidogo kwa sababu linawalisha wanaosali. Linasema kwamba jicho linalolitazama jembe na jicho linalokitazama kikombe cha Misa yanapaswa kuwa jicho lilelile.

Lakini sura ya 52 inageuza upepo. Nyumba ya sala, inaagiza, iwe kile inachoitwa. Pasifanyike humo kingine wala pasiwekwe humo kitu kingine. Kila aliyepata kuhudumu parokiani anaijua sababu. Kanisa lisilo na kanuni hiyo hujaa taratibu: magunia ya mahindi nyuma ya mlango kwa siku mbili tu, baiskeli ya katekista wakati wa mvua, viti vilivyovunjika vinavyomsubiri fundi. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilicho kiovu, na vikikusanyika mahali pa kupigia magoti hapaonekani tena.

Zikisomwa pamoja, sura ya 31 na ya 52 zinatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: utakatifu na utengo. Kitu kinaweza kuwa kitakatifu bila kutengwa, kama jembe. Mahali panaweza kutengwa kwa ajili ya shughuli moja bila mahali pengine kuwa pachafu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba karakana iliyogeuzwa kikanisa imetakaswa amekwisha kuipotosha habari, kwa maana ametangulia kudhani kuwa ilikuwa najisi. Karakana hiyo imetengwa, na kutengwa ni jambo jingine.

Lugha ya Benedikto yenyewe inazidi kuufanya mpaka huo uwe mwembamba. Sala ya pamoja ya watawa anaiita kazi ya Mungu, na katika sura ya 43 anaagiza kwamba kisitangulizwe chochote mbele ya kazi hiyo. Kiswahili kimefika karibu na hapo kwa njia yake: ibada imetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya mtumwa au mtumishi, na anayefanya ibada ni anayetumika. Liturujia, kwa Kigiriki, ilikuwa kwanza kazi ya umma, kama ile ya tajiri aliyeugharimia mji wake merikebu. Mwamini anaingia kanisani kufanya kazi, na kwa upande wa lugha hakuna pumziko analokwenda kulitafuta humo.

Hanga imewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Mauro, mwanafunzi wa Benedikto, na kati ya simulizi zinazomhusu iko moja inayofaa hapa kuliko ile mashuhuri ya kutembea juu ya maji. Papa Gregorio Mkuu, aliyeandika maisha ya Benedikto mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia habari za mtu wa kabila la Wagothi, maskini wa roho, aliyepokewa monasterini na kupewa mundu afyeke miiba ukingoni mwa ziwa ili pawe bustani. Alifyeka kwa nguvu zake zote. Chuma kikachomoka katika mpini kikatumbukia mahali penye kina. Mgothi akaenda akitetemeka kwa Mauro, akaungama hasara aliyoitia. Mauro akampelekea Benedikto habari. Benedikto akaja, akaushika mpini, akauingiza majini. Chuma kikapanda kutoka vilindini, kikarudi mahali pake. Kisha akamkabidhi Mgothi mundu wake na kumwambia aendelee na kazi, asihuzunike. Msimuliaji mwingine angeufanya mundu huo masalia ya kuwekwa katika sanduku la kioo. Wa Gregorio ulirudi kwenye miiba alasiri ileile.

Benedikto mwenyewe alikuwa mgeuzaji wa majengo. Alipopanda Monte Cassino alikuta hekalu la Apolo likiendelea kutumiwa na wanavijiji. Akaivunja sanamu, akaipindua madhabahu yake, na ndani ya hekalu hilo akaweka kikanisa cha Mtakatifu Martino. Gregorio, aliyeiandika habari hiyo, aliigeuza kuwa siasa ya kimisionari: mwaka 601 alimwandikia Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, kwamba mahekalu ya Waangli yasibomolewe, ziharibiwe sanamu tu, majengo yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekewa altare. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayewajua watu: wataendelea kwenda mahali miguu yao ilipozoea. Jambo la kuangalia ni kwamba Gregorio alikuwa na la kufukuza. Jengo lilikuwa na mwenyeji wake, na mwenyeji huyo alikuwa mpinzani. Kiwanda hakina mungu wa kufukuzwa humo, na ndiyo maana mfano wa Monte Cassino, pamoja na uzuri wake, haukidhi haja.

Sheria za dini zimeshughulika zaidi na safari ya kinyume, yaani jengo la ibada linapotoka katika ibada. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema katika kanuni ya 1212 kwamba mahali patakatifu hupoteza baraka yake pakiharibiwa kwa sehemu kubwa au pakigeuzwa moja kwa moja kwa matumizi ya kawaida. Kanuni ya 1222 inamruhusu askofu, akiisha kuisikiliza halmashauri ya mapadre, kulitoa kanisa kwa matumizi ya kawaida, ila yasiwe ya aibu. Na kanuni ya 1238 inaongeza neno ambalo wengi hulipita: altare haipotezi wakfu wake kwa sababu tu kanisa lililoizunguka limeachwa. Kuta huachilia; jiwe hushikilia.

Kwa Waislamu, swali hilohilo hukaa katika mlango wa wakfu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi wa pwani, ni magumu: msikiti uliobomoka na kushindikana kujengwa upya hauuzwi, ardhi yake inabaki ya msikiti. Wanazuoni wa Kihanbali wamekuwa wepesi zaidi, na hoja yao mashuhuri ni tukio la mji wa Kufa wakati wa Khalifa Umar. Hazina ya mji ilivunjwa na wezi. Umar akaagiza msikiti uhamishwe, hazina iwekwe upande wake wa kibla, kwa kuwa msikitini hakukosi mtu anayeswali. Pale ulipokuwa msikiti wa kwanza pakawa soko la tende. Ni hoja ya kiulinzi kabisa, na kuna raha fulani kuona kwamba mjadala mrefu wa mafakihi kuhusu hadhi ya mahali uliegemezwa juu ya wezi.

Sheria hizo zote zinajua namna ya kuliaga kanisa au msikiti. Hakuna inayojua namna ya kukiaga kiwanda. Siku ya mwisho ya kanisa ina amri ya askofu na altare ya kuhamishwa. Siku ya mwisho ya kiwanda ina kufuli, mlinzi, na madai ya mishahara. Utupu huo ndio unaoyafanya matumizi mapya ya jengo la kazi yawe swali la dini, kwa sababu wanaoingia humo kusali wanakuta marehemu asiyezikwa.

Tanzania ina mfano wake maarufu Kawe, Dar es Salaam. Tanganyika Packers ilikuwa kampuni ya kusindika nyama iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni pamoja na kampuni ya Liebig. Ng'ombe wa bara walichinjwa, wakapikwa, wakatoka ndani ya makopo. Baada ya Uhuru ikaingia mikononi mwa umma, na hatimaye kiwanda kikafungwa. Viwanja vyake vikapata maisha mengine: mikutano ya kampeni, mikesha, mahubiri ya hadhara, na kwa miaka kadhaa Kanisa la Ufufuo na Uzima lilikusanyika hapo. Anayekwenda huko bado husema anakwenda Tanganyika Packers. Nchi iliyokuwa na jina hilo la kwanza haipo tena, nyama ya kopo haipo, na jina limebaki midomoni mwa abiria wa daladala. Jina ndiyo kumbukumbu pekee ambayo wafanyakazi wa kiwanda waliachiwa bila mtu kupanga.

Kawe inaibua kipingamizi ambacho karakana ya useremala haiibui. Mahali pale palikuwa pa damu. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah inataja machinjio kati ya mahali saba pasiposwaliwa, pamoja na jalala, makaburi na njia kuu. Wataalamu wa hadithi wanaihesabu sanadi yake kuwa dhaifu, na mafakihi wengi wanaieleza sababu kuwa ni najisi, ambayo ikiondolewa kwa maji na kukauka, ardhi hurudi kuwa tohara. Hata hivyo Kiswahili kina jibu lake tayari, na ni ajabu kwamba halitajwi mara nyingi. Neno ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa meza ya sadaka ni madhabahu, na madhabahu, katika Kiarabu lilikotoka, ni mahali pa kuchinjia. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na mifereji ya damu na makuhani waliojua kuchuna. Kutoka machinjioni hadi madhabahuni, basi, ni mwendo wa neno moja kurudi nyumbani kwao. Kilichotenga viwili hivyo ni nia ya mchinjaji na jina linalotajwa juu ya mnyama. Sakafu ilikuwa na mteremko uleule.

Kipingamizi kikubwa zaidi kiko Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alikubali soko la watumwa lifungwe, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana ukaanza Mkunazini, palipokuwa na soko. Edward Steere, askofu na mwanalugha aliyeacha alama kubwa katika Kiswahili, ndiye aliyeusimamia. Inasimuliwa kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni linapaonyesha. Hapa hapakuwa na kazi halali ya kuheshimiwa. Palikuwa na dhuluma, na kutengwa kwa mahali hapo kulikuwa kweli kutakasa. Lakini hata hapo kanisa peke yake halikutosha: baadaye likachimbwa shimo uani, na ndani yake zikasimamishwa sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, vichwa vikifika karibu na usawa wa nyayo za wapita njia. Ilionekana kwamba sala inayopaa juu ya mahali bila kupataja ni sala inayosahau. Na ikiwa mahali pa dhuluma panastahili kutajwa, ni vigumu kuona kwa nini mahali pa jasho halali pastahili kufutwa.

Mwanafalsafa angeweza kusema kwamba haya yote ni hisia tu. Aristotle, katika kitabu chake cha Fizikia, anaazima mfano wa Antifoni: kitanda kikifukiwa ardhini, na kuoza kwake kukapata nguvu ya kuchipua, kitakachoota ni mti, hakitaota kitanda. Vitu vilivyotengenezwa havina asili yao wenyewe. Umbo na lengo lao vinatoka kwa fundi na mtumiaji. Kwa hoja hiyo tofali la kuchoma la karakana halijui kama ni la karakana. Likifukiwa litarudi kuwa udongo. Jengo halina haki ya kudai liendelee kuwa lilivyokuwa, na anayeligeuza haivunji asili yoyote.

Hoja hiyo ni sahihi, na inaelekeza mahali pasipotarajiwa. Kama lengo la jengo halimo ndani ya tofali, basi limo ndani ya watu, na watu hao walikuwa na majina. Waraka wa Yohane Paulo II kuhusu kazi, *Laborem Exercens*, uliotolewa mwaka 1981, unashikilia hapohapo: thamani ya kazi inapimwa kwanza kwa yule anayeifanya, kisha ndipo kwa kile kinachotoka mikononi mwake. Yoshua bin Sira, karne nyingi kabla, aliwapitia mkulima, mchonga mihuri, mhunzi anayekaushwa na moto na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa mguu, akakiri kwamba hawaketi barazani kwa wenye hekima, kisha akaiona sala yao katika ufundi wao. Kwa mtazamo huo, sala katika karakana iliyogeuzwa kikanisa haikuanza siku altare ilipoingizwa. Ilikuwapo, na waliokuja nyuma wameikuta.

Kuna abasia moja Ufaransa ambako jambo hili limetokea kwa pande zote mbili. Fontenay, katika Bourgogne, ilianzishwa mwaka 1118 na Bernardo wa Clairvaux kwa Wasisto, ambao ni tawi la familia ya Benedikto. Watawa walijenga kanisa, na upande wa chini wa ua, kando ya kijito, walijenga kiwanda cha chuma: jengo refu la mawe lenye kuba, la ustadi uleule wa kanisa, ambamo maji yaliendesha nyundo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza watawa, na abasia ikawa kiwanda cha karatasi, ambacho mwaka 1820 kiliingia katika mikono ya familia ya Montgolfier. Mwaka 1906 Édouard Aynard alikinunua na kuanza kuirudisha abasia katika sura yake ya kale. Alifanya hivyo kwa kuyabomoa majengo ya kiwanda cha karatasi. UNESCO iliiweka Fontenay katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na wageni humiminika.

Aynard anasifiwa, na kanisa alilolifunua ni zuri mno. Bado kuna jambo lisilokaa sawa. Karakana ya chuma ya watawa ilihifadhiwa kwa sababu mikono iliyoiendesha ilikuwa ya watu wa nadhiri. Majengo ya karatasi yalivunjwa kwa sababu mikono iliyoyaendesha ilikuwa ya vibarua. Karibu karne moja ya watu waliochovya, kukamua na kuanika karatasi iliondolewa kama kutu. Kwa kipimo cha sura ya 31, tofauti hiyo haina msingi: chombo ni chombo, na jicho linapaswa kuwa moja.

Jengo la kazi linalopewa matumizi mapya hudai, basi, vitu viwili kwa pamoja, na aghalabu hupewa kimoja. Likifanywa kikanisa, sura ya 52 inalitaka liwe kikanisa kweli: jiliwa litoke, mkanda wa msumeno utoke, harufu ya dizeli iachwe ipungue yenyewe. Nusu karakana nusu kanisa, kama zilivyo kumbi nyingi za kukodi mijini ambako spika za harusi hulala chini ya mimbari hadi Jumamosi, huishia kutokuwa chochote. Lakini alama zisizozuia sala hazina sababu ya kuondolewa. Sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mbele ya mahali ilipokaa mashine ya kukereza, ikang'aa kwa miguu ya watu waliosimama pale pale kila siku, haihitaji kufunikwa vigae ili Mungu asiione.

Kanuni ya Benedikto inayo sura moja fupi ambayo haitajwi sana katika mijadala ya utakatifu, ya 32, kuhusu zana. Abate awakabidhi ndugu anaowaamini vyombo vya monasteri, nguo na vitu vingine, wavitunze na kuvirudisha. Naye mwenyewe awe na orodha, ili ndugu wanapopokezana kazi ajue nini alichokitoa na nini alichokipokea.